"Number" si namba tu: uzi kwa watu wa Tanga na wengine wote

Mwalimu wa Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye bando la kuungaunga arudi usiku.

Nafundisha twisheni ya Kiingereza hapa Ngamiani. Maneno magumu hayanisumbui, maana mtoto asipolijua neno atauliza. Yanayonisumbua ni yale ambayo kila mtu anaamini anayajua, na kinara wao ni "number". Uliza darasa maana yake, utajibiwa kwa kelele: namba! Haya, wape sasa sentensi hii: "A number of fishermen were late." Nusu ya darasa itaandika "Namba ya wavuvi ilichelewa". Namba ya mvuvi inachelewaje, jamani?

"A number of" ni kadhaa. Wavuvi kadhaa walichelewa. Lakini badilisha kile kineno cha mbele, useme "the number of fishermen", na maana imeshahama: sasa tunazungumzia idadi ya wavuvi. Kitenzi nacho kinahama. Kwenye "a number of" wanaozungumziwa ni wavuvi wenyewe, kwa hiyo kitenzi ni cha wingi: "A number of boats are at Sahare." Kwenye "the number of" kinachozungumziwa ni idadi, nayo idadi ni moja: "The number of boats is small." Vitabu vya sarufi vinaliandikia jambo hili kanuni ndefu, watoto wanakariri na mtihani ukipita wanasahau. Mimi nawaambia, jiulize kwa Kiswahili. Hapo ungesema kadhaa au ungesema idadi? Kadhaa, andika "are". Idadi, andika "is". Kiswahili kimeshakufanyia kazi, wewe unaenda kuhangaika na kanuni za nini?

Hoja yangu ndiyo hiyo. Pale Mwingereza anapotumia neno moja, sisi tunayo mengi. Wanafunzi kumi ni idadi. Alama 7 ubaoni ni tarakimu. Ya simu ni namba. Kwenye sarufi, anaposema "number" anamaanisha umoja na wingi. (Waliopita madrasa watauliza, na muthanna je? Kiingereza cha leo hakina umbo la wawili. Cha kale kilikuwa nalo kwenye viwakilishi, walikuwa na "wit" kwa maana ya sisi wawili, likafa.) Na ukisikia mtu ofisini analalamika "the numbers don't add up", huyo anasema mahesabu hayakai sawa. Hata kile kitabu cha Biblia wanachokiita "Numbers", waliotutafsiria waliandika Hesabu, kwa sababu ndani yake Waisraeli wanahesabiwa kabila kwa kabila. Wangeandika "Namba" tungecheka mpaka leo.

Kuna maana nyingine haziko karibu na kuhesabu hata kidogo. Bendi ikimaliza wimbo, Mwingereza anaweza kuuita wimbo huo "number". Gauni linalompendeza mtu analiita "number" vilevile, "a little black number". Mtu akikwambia "your number is up", mwisho wako umefika. "His days are numbered" hiyo haina shida, nasi tunasema siku zake zinahesabika.

Ya hatari ni "I've got your number". Kijana mmoja aliambiwa hivyo na bosi wake mgeni, akajibu kwa furaha "Thank you sir, call me any time". Bosi alikuwa anamwambia: nimeshakujua wewe na janja zako.

Matamshi kidogo kisha nawaachia. Liko "number" jingine, linaandikwa hivyohivyo herufi kwa herufi, ila linatokana na "numb", yaani kufa ganzi. Hilo la pili maana yake ni "-enye ganzi zaidi" na b yake haitamkwi. Ukitoka kung'olewa jino, midomo yako ni "numb". Ukilikuta kwenye maandishi, sentensi yenyewe itakwambia ni lipi.

Sasa upande wa pili. Neno hili lilipoingia kwetu likawa namba, limeenda mahali Mwingereza hajawahi kulipeleka. Hapo sitaki kusema peke yangu. Wenye mkonge na wenye mpira, uwanja ni wenu.

Jirani wa Mabawa

Mwalimu umenikumbusha wale jamaa wa "ile hela itume kwenye namba hii". Wale wangeandika "tuma kwenye idadi hii" tungewakamata siku nyingi.

Mjukuu wa Kambini

Mwalimu umetaja mkonge, nimeshindwa kupita.

Mimi ni mjukuu wa manamba. Babu mzaa baba alitoka Kasulu, akashukia Muheza, hakurudi tena. Vijana wa leo wakisikia manamba wanadhani ni tusi au ni kabila. Ni hiyohiyo "number" ya mwalimu, ikavishwa ma- ya wingi, ikawa watu.

Ilikuwa hivi. Mashamba yalikuwa makubwa, kuanzia Pongwe, Ngomeni, Muheza mpaka Korogwe na kuendelea, na wenyeji hawakutosha. Tena wengi hawakutaka. Mbondei ana mnazi wake na shamba lake, akakate mkonge wa mtu kwa ujira ule kwa lipi? Basi watu wakatafutwa mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, Sisal Labour Bureau, watu wakaiita SILABU. Ukishaandikishwa unapewa namba. Ukifika shambani, karani hana muda na jina la ukoo wako wala na kabila lako, anaita namba. Mwenye kuitwa kwa namba ni manamba, hata akiwa mmoja. Babu alikuwa anasema "nilikuja kwa umanamba" kama mtu anayetaja safari ya meli.

Halafu kulikuwa na kipande. Wengi wanalijua neno hawajui kazi yake. Kilikuwa kadi yenye nafasi za siku thelathini. Umemaliza ngwe yako ya leo, unatiwa alama. Umeugua, au ngwe imekushinda, hupati alama, na kesho unaanza pale ulipoishia. Mshahara unangoja alama thelathini zitimie, mwezi wa kalenda hauna kazi hapo. Kwa hiyo "mwezi" wa manamba ungeweza kuvuka wiki tano au sita. Sasa mwalimu, hapo ndipo neno lako lilipouma: mtu ana namba badala ya jina, na ana hesabu badala ya mwezi.

Na mkonge wenyewe haukuwa wa hapa, wakuu. Aliuleta Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 ndipo yakatokea mashamba yote yale. Miaka ya mwanzo ya uhuru Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, hakuna nchi iliyotufikia. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, kambi nyingi zikabaki magofu. Ila watu walibaki. Nenda kijiji chochote chenye asili ya kambi ukasikie majina: Mha, Mbena, Mmakonde, Mrundi, wote leo wanasema "mimi mtu wa Tanga".

(Kwa waliozaliwa juzi: korona kwetu ni mashine ya kuchakata mkonge. Tulikuwa nayo kabla ya huo ugonjwa.)

Binti Chumbageni

Shikamoo kwa babu, popote alipo. Hii ya kipande sikuwahi kuelezwa hivi, shuleni tulipitishwa juu kwa juu.

Mtu wa Horohoro

Wagosi, mie niko mpakani, nachangia mawili.

La kwanza, ukivuka tu kwenda Lungalunga namba inageuka kuwa nambari. Nambari ya simu, nambari ya kitambulisho. Redio zao zote nambari. Huku ukisema nambari unaulizwa kama unajiandaa kusoma taarifa ya habari.

La pili, manamba wa Kenya siye manamba wa huyu mjukuu. Kule manamba ni yule anayening'inia mlangoni mwa matatu anaita abiria. Huku kwetu ni konda au mpiga debe. Siku moja mzee wa Maramba alisikia kijana wa Mombasa anasema "mimi ni manamba", mzee akamwangalia mikono kutafuta makovu ya mkonge.

Jukwaa la Mzunguko

Nimesubiri zamu yangu. Mpira.

Mchezaji akisajiliwa Coastal Union, timu yetu ya hapa, swali la kwanza uwanjani Mkwakwani ni moja: atapata namba? Hatuulizi jezi yake ina namba ngapi. Tunauliza kama ataanza. Kupata namba, kugombea namba, kumnyang'anya mtu namba, kupoteza namba, haya yote ni mambo ya kikosi cha kwanza. Jaribu kumwambia Mwingereza "he got a number", atadhani kapewa namba ya simu ya mtu.

Nadhani msemo ulitokana na jezi za zamani. Kule Uingereza namba mgongoni zilianza kuvaliwa kwenye mechi za ligi mwaka 1928, na kwa miaka mingi waliokuwa wakianza walivaa 1 mpaka 11, basi. Namba ilikuwa ndiyo nafasi. Ligi Kuu yao ilipoleta namba za kudumu za msimu mzima mwaka 1993, ndipo tukaanza kuona mtu anaanza na 27 mgongoni. Sisi msemo wetu ukabaki kwenye zama za moja mpaka kumi na moja. Kijana ana 44 mgongoni lakini anacheza "namba nane".

Na ukitafsiri habari za mpira, mwalimu uwaambie watoto wako wawe macho. Namba sita yetu ni kiungo mkabaji. Soma simulizi za Kiingereza za zamani, namba sita mara nyingi ni beki wa kati. Bobby Moore alinyanyua Kombe la Dunia 1966 akiwa na 6 mgongoni, na hakuwa kiungo. Siku hizi nao wameanza kusema "a six" kwa maana kama yetu, lakini habari za miaka ile zitakupoteza.

Nimesahau beki tatu. Beki wa kushoto. Sasa eleza kwa Kiingereza imekuwaje msichana wa kazi za ndani akaitwa beki tatu. Mimi sielezi.

Binti Chumbageni

Usielezee kweli, maana jina lenyewe ni la dharau. Dada wa kazi ana jina lake, kama vile babu wa huyu mjukuu alivyokuwa na lake. Nimesikia watu wazima wanaita hivyo mbele ya dada mwenyewe, na wanacheka.

Jukwaa la Mzunguko

Sawa dada, nimekusikia.

Dalali Asiyechoka

Mmeacha magari. Mteja akinipigia hapa Chuda haniulizi gari ni la mwaka gani, ananiuliza "namba gani?" Namjibu D. Anauliza D ya mwanzo au ya mwisho? Anataka herufi za kwenye pleti, anajua zinavyokwenda kwa mpangilio, A mpaka tumefika E. Kwa hiyo gari la 2006 likisajiliwa juzi ni "namba E" na mteja anajiona kanunua gari jipya. Namba yenyewe wala siyo namba, ni herufi!

Mwalimu toa ufafanuzi hapo.

Mwalimu wa Ngamiani

Dalali, hapo sina la kufafanua, umenipiga chenga. Ila Mwingereza naye anaiita "number plate" na ndani mna herufi kibao, kwa hiyo hatuko peke yetu. Mmarekani yeye anasema "license plate".

Mjukuu wa Kambini, umeandika kitu ambacho nitakipeleka darasani. Kiingereza kina kitenzi "to number", kutia namba, na vitu vinavyotiwa namba kwa kawaida ni kurasa, viti, nyumba. Neno manamba limetengenezwa huku, na limebeba kitu ambacho waliotuletea "number" hawakukiandikia neno.

Na tusisahau Ngamiani yenyewe. Mitaa yetu imepewa namba, lakini hakuna mtu wa Tanga anayesema "barabara namba nane". Tunasema barabara ya nane, ya kumi na mbili, ya kumi na tano. Mgeni akikuuliza "namba kumi na mbili iko wapi?" unajua papo hapo huyu kashuka stendi ya mabasi ya Kange leo.

Mzee wa Hoja

Naomba nipinge kidogo. Nimesoma uzi wote, ni mzuri, lakini mwalimu unakaza sana. Idadi yenyewe ni Kiarabu, tarakimu ni Kiarabu. Namba ni Kiingereza. Vyote vya kuazima. Mtoto akisema "namba ya wanafunzi imeongezeka" nimemwelewa, wewe umemwelewa, tatizo liko wapi? Lugha si kueleweka?

Mwalimu wa Ngamiani

Mzee wangu, shikamoo. Asili ya neno sigombani nayo. Tungetupa la kuazima tusingebaki na la kununulia samaki.

Tatizo linakuja hivi. "Namba ya mgonjwa imebadilika" na "idadi ya wagonjwa imebadilika" ni habari mbili. Ya kwanza, faili lina namba nyingine. Ya pili, wodi imejaa au imepungua. Ukiziunganisha zote kwenye namba, msomaji wa ripoti anabaki kukisia. Kiswahili kimetupa tofauti hiyo bure, Kiingereza kinaitafuta kwa maneno mengi. Sioni kwa nini tuitupe.

Mzee wa Hoja

Marahaba. Hiyo ya wodi nimeikubali. Ya kadhaa bado nitaitafakari.

Jirani wa Mabawa

Na "utaisoma namba" mbona imerukwa? Bei ya unga imepanda, tunaisoma namba. Kampeni za 2015 huo msemo ndio ulivuma kila kona. Kwa Kiingereza tunasemaje?

Mwalimu wa Ngamiani

Usithubutu "you will read the number". Mtu atatafuta karatasi. Sema "you'll find out the hard way", au kama ni maisha yamebana, "we're feeling it". Utamu wa kwetu wenyewe hauvuki, kubali tu.

Binti Chumbageni

Swali la uvivu: kwa nini wanafupisha "number" kuwa "No."? Hiyo o imetoka wapi?

Mwalimu wa Ngamiani

Ni Kilatini, "numero". Herufi ya kwanza na ya mwisho. Kwenye Kilatini wala hakukuwa na b, ilikuwa "numerus". Wafaransa ndio walioichomeka kwenye "nombre", Mwingereza akaichukua nayo. Sisi barua za ofisini tunaandika "Kumb. Na.", ufupisho wetu wenyewe, mzuri kabisa, na bado utaona mtu anaandika "Kumb. No." juu ya barua ya Kiswahili. Ile alama # nayo Wamarekani wanaisoma "number" wakiiweka mbele ya tarakimu. Waingereza wanaiita "hash". Sisi tunabonyeza reli, na reli ni jina lililokaa kuliko yote mawili.

Kijana wa Ghala

Jamani mimi nina shida ya leo, si ya nadharia. Niko ghala la katani, bosi anataka ripoti ya Kiingereza kabla ya saa mbili asubuhi. Nimeandika hivi: "Amount of bales which came yesterday were less and number of them was wet." Iko sawa?

Mwalimu wa Ngamiani

Marobota unayahesabu moja moja?

Kijana wa Ghala

Ndiyo, kila robota kilo 250, yanahesabiwa yakishuka.

Mwalimu wa Ngamiani

Basi "amount" iondoe. Kinachohesabika ni "number". "Amount" ingefaa ungesema katani yenyewe kwa jumla, "the amount of sisal". Sasa tumia dawa yetu. Sehemu ya kwanza unataka kusema idadi ya marobota ilipungua, kwa hiyo "the number" na kitenzi cha umoja. Sehemu ya pili unataka kusema marobota kadhaa yalilowa, kwa hiyo "a number" na kitenzi cha wingi. Andika: "The number of bales that came yesterday was lower, and a number of them were wet."

Ila bosi akisoma "a number of them" atakuuliza mangapi. Kama unayo idadi kamili, iweke hapo hapo badala ya kadhaa.

Kijana wa Ghala

Ninayo kwenye daftari. Ngoja nikaangalie nitume.

Mzee wa Hoja

Kadhaa nimeikubali.